Bwawa la nyumbani huponzwa na maji kidogo

Majani yakianza kupukutika na hewa ya alfajiri ikianza kuuma masikio, mwenye bwawa la kuogelea husimama ukingoni, akayatazama maji yake na kujiuliza: yote haya yakiganda, itakuwaje? Bwawa la urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.5 lina maji mita za ujazo 48, yaani tani 48. Ni haki kuogopa mzigo wa namna hiyo. Ila hofu yenyewe imebisha hodi nyumba isiyo yake. Yale maji mengi, ukiyaacha mahali pake, hayana ugomvi na mtu. Yanayoleta hasara ni yale usiyoyaona: kikombe kimoja kilichobaki tumboni mwa pampu, maji yaliyolala kwenye kiwiko cha bomba, matone yaliyojificha ndani ya koili ya kupashia moto. Ukilishika jambo hili moja, ile orodha ndefu ya kazi wanayopewa wenye mabwawa na majakuzi, yale mabeseni ya maji moto yanayobubujika, kila kipupwe kinapokaribia haitakuwa tena kama masharti ya mganga. Kila hatua itajieleza yenyewe.

Barafu inavyofanya kazi

Vitu vingi vikipoa hunywea. Maji nayo hunywea, lakini hadi nyuzi 4 za Selsiasi tu. Hapo ndipo yanapokuwa mazito kuliko wakati mwingine wowote. Yakizidi kupoa huanza kutanuka tena, na yakiganda hutanuka kwa mkupuo mmoja, takriban asilimia 9. Ndiyo maana barafu huelea, na ndiyo maana bwawa huganda kuanzia juu. Maji ya nyuzi 4 huzama, yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kufanya utando wa barafu, kisha utando huohuo unageuka blanketi la maji ya chini.

Tena, maji hayagandi kirahisi. Kilo moja ya maji iliyokwisha kufika sifuri, ili igeuke barafu, ni lazima ipoteze joto linalokaribia lile ambalo ingelipoteza kwa kupoa kutoka nyuzi 80 hadi sifuri. Zidisha hilo kwa kilo 48,000, halafu ongeza kwamba bwawa limezungukwa na udongo usiopoa haraka kama hewa. Katika baridi ya kawaida bwawa lililochimbiwa huota ngozi ya barafu usoni basi, na ngozi hiyo ina pa kutanukia, kwa kuwa juu yake hakuna kitu.

Sasa chukua maji ya kikombe kimoja uyafungie ndani ya bomba la plastiki lililo juu ya ardhi, linalopigwa na upepo. Hayana akiba ya joto, hayana pa kutanukia. Katika majira ya baridi ya 1784 na 1785, afisa wa mizinga wa jeshi la Uingereza, Edward Williams, alikuwa Quebec, huko Kanada. Alijaza maji ndani ya makombora matupu ya chuma, akayapigilia vizibo, akayaacha nje. Vizibo vilifyatuka, kimoja kikaenda kuanguka zaidi ya mita 100 kutoka pale, na pale kizibo kilipokataa kutoka, chuma chenyewe kilipasuka. Maji yaliyobanwa kabisa, yakifika nyuzi 22 chini ya sifuri, yanaweza kusukuma kwa nguvu inayozidi mara 2,000 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Bomba la plastiki halina la kujibu hapo.

Mara nyingi bomba halipasuki pale barafu ilipo. Barafu huanza kujijenga sehemu moja kama kizibo, kisha kizibo hicho hukua na kuyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea vali iliyofungwa. Maji hayakubali kubanwa, kwa hiyo bomba ndilo linaloachia. Fundi akija majira ya machipuko, baridi ikiisha, hukuta ufa mahali ambapo hakuna aliyetarajia, na mwenye nyumba huapa kwamba sehemu ile haikuganda. Huenda anasema kweli.

Usilimwage lote

Kwa kuwa ni maji yanayoganda, wazo la kwanza la wengi ni kuyamwaga yote na kubaki na shimo kavu. Katika makosa yote ya msimu huu, sijui lililo ghali kuliko hili.

Bwawa lililochimbiwa ni kama ngalawa iliyoegeshwa ndani ya udongo. Udongo nao una maji yake, na mvua zikikaza au theluji ikiyeyuka, maji hayo hupanda. Yakipanda mita moja juu ya sakafu ya bwawa letu la mita 8 kwa 4, yanalisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 32. Likiwa limejaa, tani 48 za ndani zinalikalia na halitikisiki. Likiwa tupu, linabaki na uzito wa ganda lake tu, na ganda la faibaglasi la ukubwa huo halifiki hata tani mbili. Litaibuka. Wapo walioamka asubuhi wakakuta bwawa limejitokeza ardhini kama mgongo wa kiboko, mabomba yote yamekatika. Ganda la zege ni zito zaidi, lakini nalo hunyanyuka au kupata nyufa. Bwawa la utando wa vinili lina shida yake: utando uliokauka kwenye baridi hunywea na kukakamaa, na ukiuvuta urudi mahali pake hupasuka. Mabwawa mengine yana vali sakafuni inayoruhusu maji ya ardhini kuingia yakizidi nguvu, ila vali iliyokaa miaka kumi chini ya mchanga na majani ni ya kuombewa dua, si ya kutegemewa.

Kwa hiyo maji hushushwa kidogo tu. Kwenye ukuta wa bwawa pana kile kinywa kinachomeza majani na takataka zinazoelea, ambacho mafundi hukiita skima. Kinywa hicho ndicho kipimo. Anayetumia turubai lisilopitisha maji hushusha hadi sentimita 10 au 15 chini ya skima, na mwenye utando wa vinili hushusha pungufu ya hapo. Anayetumia kifuniko cha wavu hushusha zaidi, sentimita 30 hadi 45, kwa sababu mvua na theluji iliyoyeyuka vitapenya na kulijaza tena. Sababu ya kushusha ni mbili. Barafu ikijijenga ndani ya kinywa cha skima hukipasua, kwa kuwa ni kisanduku chembamba cha plastiki kilichoshikwa na zege pande zote. Na vile vigae vya ukingoni vina mianya midogo inayonyonya maji. Yakiganda humo na kuyeyuka mara kadhaa katika msimu mmoja, vigae huanza kubanduka. Lakini usishushe kupita kipimo alichotoa mtengenezaji wa kifuniko, maana maji ndiyo yanayokibeba kifuniko theluji inapokilemea. Kikikosa pa kuegemea, huchanika.

Maji yenye njaa

Wengi hufunga bwawa siku ya mwisho waliyoogelea. Ni mapema mno. Maji ya nyuzi 20 na kitu yakifunikwa, klorini huisha mwezi wa kwanza na mwani hustarehe chini ya turubai. Ukifunua unakuta supu ya mchicha. Subiri maji yashuke chini ya nyuzi 15 na yabaki huko, alimradi baridi ya kugandisha haijafika. Inapokuwa hivyo, mwani hukosa nguvu ya kuzaana, na dawa kidogo hufanya kazi ya miezi.

Kazi ya dawa ifanywe pampu ikiwa bado inazunguka, wiki moja hivi kabla ya kufunga. Kwanza ni brashi na wavu, kwa sababu kila jani linaloachwa sakafuni hula klorini na kuacha doa la chai. Kisha vipimo: pH kati ya 7.2 na 7.6, ualkali, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isiyumbe, kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, kalsiamu kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita.

Hiyo kalsiamu wengi huiruka, nami naona inastahili maelezo. Kalsiamu ndiyo kiini cha chokaa, na chokaa ina tabia ya ajabu: huyeyuka zaidi katika maji baridi kuliko ya moto. Mwaka 1936 Wilfred Langelier, mtaalamu wa maji nchini Marekani, alitoa hesabu inayounganisha pH, joto, kalsiamu, ualkali na chumvi zilizoyeyuka, ikatoa namba moja. Namba ikiwa sifuri, maji yametosheka. Ikipanda juu yake, yanatema chokaa kwenye kuta na mabomba. Ikishuka chini, yana njaa na yataitafuta chokaa popote ilipo. Maji yaliyokuwa na sifuri katika joto la nyuzi 28, yakipoa hadi karibu nyuzi 3 bila kubadilika kitu kingine chochote, namba yake hushuka kwa takriban 0.6. Hayo yameshakuwa maji yenye njaa, nayo yatakaa miezi minne au mitano yakiutafuna ukuta wa plasta huku hakuna anayeyapima. Mwenye bwawa la plasta au vigae akiona machipuko ukuta umekuwa na vinyweleo na mikwaruzo, asimlaumu aliyepiga plasta kabla ya kukumbuka kiwango cha kalsiamu alichoacha. Kwa utando wa vinili jambo hili lina uzito mdogo.

Klorini nyingi kwa mara moja hutiwa jioni, siku kadhaa kabla ya kufunika, jua lisiile. Dawa ya mwani hufuata baadaye, kiwango cha klorini kikishashuka, kwani klorini kali huharibu aina nyingi za dawa hiyo na utakuwa umetupa pesa majini. Usiache vidonge vya klorini ndani ya skima wala kwenye kile kikopo kinachoelea. Vidonge vile vina asidi; maji yakiwa hayatembei, hula kilicho jirani, na kikopo kikikwama pembeni huacha baka jeupe kwenye utando. Na dawa zilizobaki zihifadhiwe kila moja peke yake. Klorini ya vidonge na klorini ya unga, zote zina jina moja lakini si ndugu: zikichanganyika zinaweza kuwaka moto au kulipuka, na klorini yoyote ikikutana na asidi hutoa hewa ya sumu.

Kuyafukuza maji yaliyojificha

Hapa ndipo kikulacho ki nguoni mwako. Silaha ya kwanza ni hewa. Kompresa yenye hewa nyingi isiyo na kanieneo kubwa, au mashine yenye nguvu ya kuvutia maji ikigeuzwa ipulize, huunganishwa upande wa mitambo au kwenye skima, na hewa husukuma maji ya bombani hadi yatokee kwenye yale matundu ya ukutani yanayorudisha maji bwawani. Tundu la karibu hutoa mapovu kwanza. Likitoa mapovu matupu kwa nguvu, linazibwa kwa kizibo cha mpira papo hapo, hewa ikiendelea, kisha linafuata la pili hadi la mwisho. Ukizima kompresa kwanza halafu ndiyo utafute kizibo, maji yatakuwa yamerudi na kazi ni bure.

Tundu la sakafuni halifikiki kirahisi, kwa hiyo lina hila yake. Unapuliza hadi mapovu yatokee katikati ya bwawa, kisha unafunga vali ya bomba hilo huku hewa ingali inasukuma. Hewa inabaki imefungwa ndani, na maji hayawezi kupanda kuichukulia nafasi, kama vile kikombe ulichokifudikiza na kukizamisha ndani ya beseni kinavyobaki kikavu ndani. Sehemu ya chini yenye maji imo ardhini kwenye kina ambacho baridi haifiki.

Tahadhari moja isiyo na mzaha: usipitishe hewa yenye kanieneo ndani ya tangi la chujio. Maji yakibanwa na chombo kikaachia, yanamwagika tu. Hewa ikibanwa na chombo kikaachia, ni mlipuko. Kifuniko cha chujio kinaweza kuruka na kuua mtu.

Kisha mitambo. Pampu nyingi zina vizibo viwili vya kutolea maji, kimoja chini ya chungu chenye kikapu na kingine chini ya sehemu inayozungusha maji, na hicho cha pili husahaulika. Chujio la mchanga lina kizibo chake chini. Mpini wa vali yake ya juu huachwa katikati ya alama mbili ili maji yasibaki yamefungwa ndani, na geji hufunguliwa. Chujio la karatasi hutolewa, huoshwa na kuwekwa ndani. Kikasha cha chumvi kinachotengeneza klorini nacho hutolewa. Kifaa cha kupasha maji ndicho cha kuangaliwa kuliko vyote, kwa sababu koili yake ya shaba ina mirija myembamba inayong'ang'ania maji hata baada ya vizibo kufunguliwa. Ipulize polepole, na usisahau kile kibomba chembamba kinachokwenda kwenye swichi ya kanieneo. Vali zilizo juu ya ardhi, zile ambazo hazizuii hewa ya bomba la sakafuni, ziache nusu wazi. Vali ya kugeuza ina tufe lenye tundu ndani yake. Ukiifunga kabisa, maji yanayojaa lile tundu yanabaki humo yakingoja baridi. Ni kijiko kimoja cha maji, na kinatosha kuipasua.

Skima haitakaa kavu, kwa kuwa mvua itaingia. Dawa yake ni kuipa barafu kitu laini cha kubana. Wapo wanaouza mrija maalumu wa plastiki wenye hewa ndani. Chupa tupu ya plastiki iliyofungwa vizuri na kutiwa mawe machache isielee hufanya kazi ileile. Barafu ikitanuka inaiminya chupa badala ya kuta za skima.

Dawa ya kuzuia kuganda, ile ya maji ya rangi, ni ya kumalizia pale hewa isipofika, haichukui nafasi ya kupuliza. Iwe ya propilini glaikoli iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji. Ile ya magari huwa na ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina utamu unaovutia paka, mbwa na watoto. Na usidanganywe na namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa. Ikisema nyuzi 45 chini ya sifuri, mara nyingi inaeleza hadi wapi bomba halitapasuka. Kimiminiko chenyewe hugeuka uji wa barafu mapema zaidi, na kikichanganyika na maji yaliyobaki bombani nguvu yake hupungua zaidi.

Mwisho zima umeme kwenye swichi kuu, usiishie kwenye kitufe cha pampu. Saa ya kujiwasha yenyewe haijui kwamba pampu haina maji. Ikiiwasha usiku mmoja katikati ya baridi, pampu itazunguka kavu hadi sili yake, ile pete inayozuia maji kuvuja, iungue.

Kifuniko

Kuna turubai la kawaida linaloshikiliwa na mifuko ya maji pembeni, na kuna kifuniko cha usalama kinachofungwa kwa springi na vyuma vilivyopigiliwa kwenye sakafu ya ukingo. Haya mawili yasichanganywe. La kwanza linazuia majani tu, mtu akilikanyaga linamfunga na kumzamisha. La pili, likiwa limekidhi kipimo cha Marekani kiitwacho ASTM F1346, linatakiwa kubeba kilo 220, sawa na watu wazima wawili na mtoto mmoja.

Turubai lisilopenya hukusanya maji juu yake. Mvua ya sentimita 10 juu ya bwawa letu ni tani 3.2, na dimbwi hilo ni hatari kwa mtoto hata likiwa na kina cha kifundo cha mguu. Ndiyo maana pampu ndogo ya kuweka juu ya turubai si anasa. Kifuniko cha wavu hakikusanyi maji, lakini hupitisha mwanga kidogo na vumbi laini, hivyo bwawa lake hufunguliwa likiwa la kijani zaidi. Mimi ningechagua kifuniko cha usalama cha wavu penye watoto na nikubali wiki moja ya kusugua.

Bwawa lisilochimbiwa, lile la kusimamisha juu ya ardhi, halina udongo wa kulifunika ubavuni na huganda zaidi. Wengi huweka mto wa hewa katikati chini ya turubai, ujazwe nusu tu au zaidi kidogo, ili barafu ikitanuka ipate cha kuminya katikati badala ya kusukuma kuta. Mto uliojazwa hadi kukakamaa hupasuka.

Kama baridi yako ni ya kupita

Mahali ambapo baridi ya kugandisha huja usiku mbili tatu kisha ikaondoka, wengi hawafungi bwawa kabisa. Wanaacha pampu iwe na kisensa kinachoiwasha hewa ikikaribia nyuzi 3 au 4. Husemwa kwamba maji yanayotembea hayagandi. Waulize wenye mito ya kaskazini kama ni kweli. Kinachookoa mabomba ni kwamba pampu inaazima joto kutoka kwenye zile tani 48 na kulipitisha kwenye mabomba membamba. Maji mengi yanayalinda maji kidogo.

Udhaifu wake ni mmoja, umeme. Februari 2021 jimbo la Texas lilipigwa na baridi isiyo ya kawaida. Dallas ilifika takriban nyuzi 19 chini ya sifuri, na nyumba zaidi ya milioni 4 zikakosa umeme. Pampu zilizokuwa zikitegemea kisensa zikanyamaza usiku uleule zilipohitajika, na mafundi wa mabwawa wakawa na kazi ya miezi kubadilisha mabomba, machujio na pampu zilizopasuka. Umeme ukikatika kwenye baridi ya namna hiyo, usingoje urudi. Zima swichi kuu, fungua vizibo vyote vya pampu, chujio na kifaa cha kupasha moto, fungua na vali ya hewa juu ya chujio, maji yatoke. Ni dakika kumi za kazi, na bwawa lenyewe huna haja ya kuligusa.

Jakuzi

Jakuzi ni jina la familia ya Kiitaliano, Jacuzzi, iliyohamia Marekani na kutengeneza pampu za maji kabla ya jina lao kugeuka kuwa la beseni lolote lenye maji moto yanayobubujika. Asili hiyo ya pampu inafaa kukumbukwa, kwa sababu jakuzi ni mtambo wa mabomba uliovishwa beseni. Nyuma ya kuta zake kuna mirija kadhaa inayopinda kila upande, na kila mpindo ni makao ya kikombe kile tulichoanza nacho.

Swali la kwanza ni kama ulifunge au la. Ushauri wangu kwa anayelitumia hata mara moja kwa wiki ni aliache liwake. Jakuzi la lita 1,500 lenye maji ya nyuzi 38 lina akiba ya joto ya takriban kilowati-saa 66 kabla ya kufika sifuri, na kisha lina deni la kilowati-saa nyingine 139 kabla ya kuganda lote. Likiwa na kifuniko kizima, umeme ukikatika una muda wa kufikiri, ingawa mirija iliyo pembezoni hupoa kabla ya beseni. Chenye shida ni kifuniko cha zamani kilichonyonya maji. Ukishindwa kukiinua kwa mkono mmoja, hakizuii joto tena. Na majakuzi ya kujaza upepo ni habari nyingine, watengenezaji wengi hawataki yatumike hewa ikiwa chini ya nyuzi 4.

Njia mbaya ni ile ya katikati: kupunguza joto hadi maji yawe vuguvugu, kisha kuyasahau pamoja na dawa yake. Bakteria wa Legionella hustawi katika maji ya kati ya nyuzi 20 na 45, na mvuke wa mapovu huwapeleka moja kwa moja mapafuni. Mwaka 1999 katika maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi lililowekwa kwa maonyesho tu liliambukiza watu mamia, na wasiopungua 32 walifariki. Wengi wao walipita karibu tu.

Ukiamua kulifunga, anza na dawa ya kusafisha mirija wakati maji bado yanazunguka, kwani utelezi unaobaki ndani huoza msimu mzima. Zima umeme kabla ya kufungua maji, kifaa cha kupasha moto kisije kikawaka kikiwa kikavu. Maji yakitoka yote kwa bomba la chini au pampu ya kuzamisha, wengi huamini wamemaliza. Kwa kweli ndipo kazi inaanza. Kama lina kipulizia hewa, rudisha umeme kwa nusu dakika hivi ukiwashe hicho peke yake, kitoe maji kwenye njia za hewa, kisha umeme uzimwe moja kwa moja. Mashine ya kuvutia maji hupita tundu kwa tundu, kupuliza na kuvuta, na kila vali ya kugawa maji huwekwa katikati. Fungua paneli ya ubavuni, legeza nati kubwa za pampu na kifaa cha kupasha moto, na uweke taulo chini, maana zitatoa maji ambayo ungeapa hayamo. Toa vizibo vya pampu, toa chujio, kausha sakafu ya beseni kwa sponji. Dawa ya propilini inamalizia.

Usilifunge kwa nailoni lisipumue. Kifuniko kilichokazwa kwa mikanda, na ubao juu yake pale penye theluji nzito, vinatosha.

Vile vizibo vyote, vya pampu, vya chujio, vya koili, pamoja na oringi zake, zile pete za mpira, viweke kwenye mfuko mmoja, na mfuko uutie ndani ya kikapu cha pampu yenyewe. Machipuko yakifika hutaweza kuiwasha pampu bila kufungua kikapu hicho, na hapo utavikuta.